Mstari wa Aliyekwenda kwa Babu

Mtoto aliyekufa hakui. Hilo halihitaji shule. Lakini mimi nilimwona mwanangu akikua ukutani, mwezi baada ya mwezi, nami nilishawaona wanaume wakirudi kutoka kumzika, majembe mabegani, udongo mwekundu umewaganda miguuni.

Juzi mjukuu wangu alikuwa anaifokea kompyuta yake. Nikamuuliza ina nini. Akasema, "Bibi, we acha tu. Mchoro unakuja vibaya, namba haizisomi zilivyo." Hakujua amemwambia nani. Basi nimeomba karatasi, naandika. Sikusoma sana: darasa la pili Kisarawe, halafu kisomo cha watu wazima nilipokwisha kuolewa. Anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwa mwingine.

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Wa rika langu wanaujua. Mvua ilikataa, mahindi yakakauka kabla hayajabeba, serikali ikaleta unga wa njano kutoka nje, tukapanga foleni duka la kijiji toka alfajiri. Tulikuwa tumehama Kisarawe, tunakaa Kongowe ya Kibaha, mimi, mama mkwe wangu, na pacha wangu wawili, wa kike na wa kiume. Baba yao alikuwa kwenye ujenzi wa reli huko kusini, anakuja akipata ruhusa. Mimi nilikuwa nafagia na kupiga deki kwenye kituo kimoja cha watoto, mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Watu wote pale waliniita mama pacha.

Kituo kile kilipima watoto. Kila mwezi mama walikuja na wanao, wengine wakitoka mbali, mpaka Gwata. Mtoto anavalishwa suruali ya turubai, ananing'inizwa kwenye mzani uliofungwa kwenye boriti, anapiga mateke, nesi anasoma namba. Namba zile zilikwenda chumba kirefu cha mwisho, kwa bwana mmoja aliyekuwa na mashine ya kutoboa matundu kwenye kadi ngumu. Tulimwita bwana wa kadi. Kila mtoto alikuwa na kadi yake, na kila mwezi una nafasi yake kwenye kadi. Sanduku likijaa analipeleka Dar es Salaam, kwenye mashine kubwa ya hesabu ambayo, alisema, imejaza chumba kizima na inatunzwa kwenye baridi kama samaki. Anarudi na karatasi ndefu ya kukunjwakunjwa. Humo kila mtoto ana mstari wake, umechorwa kwa nyota ndogondogo. Nyota zikipanda, mtoto anaongezeka. Zikishuka, anaisha. Karatasi aliibandika ukutani, na chumba kile nilikifuta vumbi mimi.

Waliokuwa wakishuka ndio waliopokelewa wodi ya lishe. Huko kulikuwa na maziwa, mafuta, mayai, na mama analala hapohapo na mwanawe. Vitanda vilikuwa vichache na njaa ilikuwa ya kila mtu. Nesi mkuu, mwanamke mrefu aliyetoka upande wa Bukoba, alituambia wazi: "Hapa sipokei machozi. Napokea mstari." Alikuwa mkali na mwenye haki. Nilimheshimu, maana na mimi si mtu wa kubembeleza.

Ikaingia surua. Wanangu wakaugua wote wawili, wakati huo wameanza kusimama kwa kushika ukuta. Wa kiume ndiye aliyekuwa mnene, mwenye nguvu, ndiye niliyemwogopea kidogo. Akafa yeye. Wa kike akabaki, lakini alibaki kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Sasa lazima niseme mila ya ukoo wa mume wangu, maana bila hiyo hamtanifuata. Kwao, pacha mmoja akifa, hasemwi kuwa amekufa. Inasemwa amekwenda kwa babu. Matanga hayakai, kilio hakipigwi. Aliyebaki anasalimiwa kwa wingi, kama wapo wote: "Hamjambo? Mmelalaje?" Uji unatengwa vibakuli viwili. Inakuwa hivyo mpaka aliyebaki aanze kung'oka meno ya utoto. Watu wa nje hudhani tunamficha aliye hai. Sivyo. Tunamficha aliyekufa. Yeye hajui kuwa amekufa. Siku akijua ataona yuko peke yake, naye hajawahi kukaa peke yake tangu tumboni, basi atarudi amchukue mwenzake. Na sauti anayoisikia kuliko zote, popote alipo, ni ya mama yake. Kwa hiyo neno lile lisitoke kinywani mwa mama. Awe shambani, awe mjini, awe ananong'ona, lisitoke.

Mama mkwe wangu aliishika mila ile barabara. Kibakuli cha pili alikijaza kwa sehemu yake mwenyewe, njaa ile. Uji ukipoa aliwaita watoto wa jirani wakaunywa, yeye akalala na maji. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Mwezi uliofuata nikampeleka wa kike kupimwa. Nesi akauliza, "Na mwenzake yuko wapi?"

"Amekwenda kwa babu."

"Wapi, Kisarawe?"

"Huko huko."

Wanawake wa foleni, wenyeji, wakainamisha vichwa. Mama mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Mungu amfikishe salama." Nesi akadhani anaombewa safari ya basi. Akaiacha nafasi ya mwanangu wazi. Mwezi wa pili akaniuliza tena, nikajibu vilevile. Mwezi wa tatu hakuuliza, akapita tu.

Karatasi ya kwanza baada ya surua ilipokuja, nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa binti yangu. Ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi. Haukupanda, haukushuka. Lakini mimi nilikuwa nambeba kila siku. Nilikuwa nakaza mbeleko kila wiki kidogo zaidi.

Nikaenda kwa nesi mkuu. "Sista, mtoto wangu anaisha."

Akanipeleka ukutani. "Uko wapi mshuko? Nionyeshe."

"Mgongo wangu unajua."

"Mama pacha, mgongo wako sina pa kuubandika. Nina watoto hapa wanashuka kama ndoo kisimani. Nitampa nani kitanda?"

Nikashika fagio.

Lakini bwana wa kadi naye alikuwa hana raha na karatasi ile. Watoto wote walikuwa na mistari ya ajabu: imenyooka, imenyooka, halafu inaruka au kuporomoka ghafla kama ngazi. Nesi wakamtania. "Bwana wa kadi, watoto wako wanakua kwa amri, kama mgambo. Geuka kulia, ongeza kilo!" Yeye akacheka bila meno kuonekana. Tangu siku hiyo nikawa nampigia deki miguuni hanyanyui miguu. Alizitandaza kadi mezani, akaziinua moja moja dirishani kuangalia matundu. Matundu yalikuwa sawa. Akachukua uzito wa watoto kwenye karatasi za nesi, akalinganisha. Ulikuwa sawa. Akawa anaongea peke yake: "Inaingia nzima, inatoka imekatwa. Nani anaikata?"

Siku moja mchana, nikiwa nakamua tambara, akapiga meza. Akaanza kucheka, na safari hii meno yote nje.

"Mama pacha, njoo uone ujinga wangu!"

"Ujinga wa mtu haukimbiliwi, bwana. Niko hapa hapa."

Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kila kitu unachotaka mashine ikiweke, lazima ukipe jina, na mashine ile iliangalia herufi ya kwanza ya jina. Majina ya kuanzia herufi fulani, K ikiwa mojawapo, iliyachukua kuwa ni ya vitu visivyokatwa, kama mayai au watu. Hakuna mtu na nusu. Majina mengine iliyachukua kuwa ni ya vitu vya kupimwa, kama unga, vyenye nzima na vipande. Wazungu waliomfundisha waliuita uzito kwa lugha yao, neno la herufi nyingine, wakawa salama bila kufikiri. Lakini yeye alikuwa kijana wa wakati ule. Kila kitu kilitakiwa kiwe cha Kiswahili, naye aliona fahari. Kabla ya karatasi hii, alipoziandika upya kadi za kuiamrisha mashine, akauita KILO. Basi mashine ikapokea kila uzito, ikashika kilo nzima, ikatupa vipande. Mtoto wa kilo saba nukta tisa, saba. Mtoto wa saba nukta moja, saba.

"Nitauita UZITO," akasema. "Utatoka mzima."

Mimi nilikuwa nafikiria kitu kimoja. Kati ya saba nukta tisa na saba nukta moja ndipo binti yangu alipokuwa anafia, na hapakuonekana.

Karatasi ile ilikuwa na ugonjwa wa pili, na huo ndio uliowatisha watu. Mashine haikujua kitu tupu. Mwezi ambao mtoto hakuletwa, nafasi yake kwenye kadi haikutobolewa, na mashine ikaisoma kuwa sifuri. Mtoto amekwenda kumsalimia shangazi yake, mstari wake ukaanguka mpaka sakafuni, na mwezi uliofuata ukainuka. Mama mmoja wa Gwata alipouona wa mwanawe alipiga yowe. "Mmemchora mwanangu maiti! Nani kawatuma?" Akamkumbatia mtoto mwenyewe, mzima, analamba muwa. Wanawake wakasema hawaleti tena watoto wao mahali panapowazika wakiwa hai.

Wa kwangu naye alikuwa sakafuni. Wao waliinuka, yeye hakuinuka. Nilipita pale na kitambaa changu kila asubuhi nikiangalia pembeni. Nilikuwa nawaza: kama mashine imejua, na yeye atajua. Nikamwambia bwana wa kadi kama walivyomwambia wanawake wengine, "Waondoe hao wa chini. Hapana mtoto asiye na uzito."

Akakubali. Akatengeneza kadi mpya za kuiamrisha mashine: ukikuta nafasi tupu usisome sifuri, mtoto huyo hayupo tu, mwendeleze kwa mwendo aliokuwa nao mpaka arudi. Akabeba sanduku, akaenda mjini.

Karatasi ya pili ilikuwa nzuri. Hakuna ngazi, hakuna walioanguka. Wanawake waliletwa waone, wakaridhika. Mstari wa binti yangu ulikuwa unashuka, mshuko wa kweli, taratibu, kama mtu anayeteremka kilima akishika majani. Nikasema moyoni, sasa kitanda kipo.

Halafu nikaona juu yake. Mstari wa kaka yake ulikuwa unapanda.

Ulikuwa unapanda vizuri, kwa ule mwendo wake wa kabla ya surua, wa mtoto mnene asiyekataa chakula. Umevuka mwezi aliougua. Umevuka mwezi aliozikwa. Unaendelea. Nikasimama pale na kitambaa mkononi. Nikaanza kuhesabu bila kutaka: hapa angekuwa ameachia ukuta. Hapa angekuwa anatembea. Hapa nguo zake za Idi zingekuwa zimembana.

Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilianza na karatasi ile kabla ya kufagia. Kuna asubuhi nilimsalimia.

Mama mkwe akasikia habari za mistari kijijini, akaja mwenyewe na kibakuli chake cha uji kimefunikwa. Alikuwa hajui kusoma. Akanivuta kanga. "Nionyeshe wa kwake."

Nikamwekea kidole pale.

"Anapanda?"

"Anapanda, mama."

Akatikisa kichwa polepole, uso umemlainika. "Unaona? Hajui. Tumemtunza vizuri." Akaugusa ukuta kama anayempapasa mtu. "Mume wangu huyo. Anakula huko."

Nikatamani iwe hivyo, na nikaogopa iwe hivyo.

Wiki ile ile binti yangu akaacha kulia. Mtoto mwenye njaa analia. Anayeacha kulia, kila mama anajua. Nikamfunga mgongoni, nikaenda chumba kirefu. Nesi mkuu alikuwa pale na bwana wa kadi, wanapanga nani apewe kitanda kilichobaki. Ilikuwa mchana, jua linaingia mpaka miguuni mwa meza. Mama mkwe alikuwa amenifuata, akabaki mlangoni.

"Sista," nikasema, "mstari huu hapa. Unashuka."

Nesi mkuu akaangalia. Kidole chake kikafuata nyota za binti yangu mpaka chini, kikapanda kwenye za kaka yake. Akageuka, na macho yake hayakuwa yale niliyoyazoea.

"Hawa ndio wale pacha wako?"

"Ndio wao."

"Nyumba moja? Chungu kimoja?"

"Kimoja."

"Basi nieleze. Mmoja ananenepa, mmoja anakufa. Wa kiume ananenepa." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Nimeyaona haya kwetu na nimeyaona kwenu. Mama anachagua. Nikikupa maziwa yatakwenda kwa nani?"

Bwana wa kadi akasema, "Sista, wa kiume hajaletwa muda mrefu, ile mistari ya—"

"Hajaletwa kwa sababu ameshiba! Mama pacha, sikiliza. Mlete wa kiume nimwone kwa macho yangu. Nikimkuta kama mwenzake, nitakuomba radhi na wodi mtaingia. Usipomleta, kitanda hiki jioni kinakwenda kwa mtoto wa Gwata. Na wewe nitakupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji ujieleze."

"Yuko kwa babu," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

"Kisarawe si Ulaya, bibi. Pandeni basi mkamlete."

"Kwa babu hapapandiwi basi."

"Mnanichezea?"

Mama mkwe alinisogelea. Akaniangalia mimi. "Twende zetu nyumbani, mwanangu. Mungu ndiye mwenye vitanda."

Nilimwelewa. Alikuwa na mjukuu mmoja wa kupoteza kwa njaa, ambaye huenda akapona, na aliona nikifungua kinywa tu kaka yake atakuja kumchukua, na hapo hakuna huenda. Mimi nilikuwa na kichwa cha binti yangu begani. Kilikuwa hakijishiki. Kila nikivuta pumzi kilicheza, kama kibuyu kwenye maji. Nikaangalia ukuta. Nikamwona yule mwingine anapanda, mnene, mzuri, hana habari. Nikaona kwamba yeye ndiye aliyelala kwenye kitanda cha dada yake.

"Amekufa," nikasema.

Nikalisema tena, lote.

"Mwanangu wa kiume amekufa. Surua ilimuua. Huyo anayekua hapo ukutani simjui ni nani."

Mama mkwe aliangusha kibakuli. Alitoka mbio, yeye mwenye miguu mibovu, akasimama katikati ya uwanja, kwenye jua, amegeukia upande wa Kisarawe, akaanza kuita kwa sauti ya kubembeleza, sauti ya kumwita mtoto atoke kwenye moto. "Mume wangu we! Usimsikilize mama yako, ana homa, anaweweseka! Cheza huko huko, baba! Kula kwa babu! Hakuna lililosemwa!" Watu waliokuwa kwenye mzani wakageuka kumwangalia. Wenyeji hawakuuliza.

Nesi mkuu alikuwa amekaa. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa. "Kwa nini hukusema?"

"Nimesema sasa."

Akainuka, akafungua mbeleko yangu kwa mikono yake, akamchukua mtoto, akaenda naye wodini yeye mwenyewe. Mlangoni akasimama. "Nimekutukana, mama. Nisamehe." Mkali wa kweli akikosa husema. Nikamwitikia kwa kichwa.

Nikabaki na bwana wa kadi. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu. Akachukua penseli, akaniuliza kama anaomba ruhusa, "Nyota ya mwisho ya kweli ni ipi?"

Nikamwekea kidole. Ilikuwa chini kuliko nilivyokuwa nimezoea kuangalia.

"Zote hizi baada ya hapa," akasema, "nimeziweka mimi."

"Umeziweka wewe."

Akashika kazi yake, kama mtu anavyoshika ukuta. Akawa ananieleza, au anajieleza mwenyewe. Mashine ile huwezi kuiambia kimya. Kimya inakisoma sifuri. Na ukiikataza sifuri, inamfanya aliyenyamaziwa kuwa msafiri, inamkuza njiani. Kwa hiyo lazima kuwe na namba ya aliyekufa, na lazima iwe namba ambayo hakuna mtoto yeyote anaweza kuwa nayo. Akafikiri. Akasema itakuwa pungufu ya sifuri. Mashine ikiikuta, mstari usimame pale pale, usianguke, usiendelee.

Akaziweka kando kazi zake zote, akapanda baiskeli, akaenda vijijini kumuuliza kila mama ambaye mwanawe alinyamaziwa kwenye kadi. Wengi kweli walikuwa wamesafiri. Lakini nasikia wa kwangu hakuwa peke yake. Mashine ilikuwa inalea watoto wengine wawili watatu wa watu, wanene, kwenye ukuta wetu.

Mimi nikaingia wodini, nikaanza kungoja.

Watu wanadhani nilikuwa nangoja mtoto anenepe. Nilikuwa nangoja ndugu yake aje. Nilishasema neno; kama mama mkwe alikuwa na haki, mtoto yule alikuwa njiani. Nilimnywesha binti yangu maziwa kwa kijiko, na mkono mwingine niliushika mguu wake, sikuuachia hata nikisinzia. Alasiri moja akageuza kichwa upande wa mkeka usio na mtu, akatazama, akatabasamu. Tabasamu lake la kwanza tangu surua. Nikaangalia pale, hapakuwa na kitu, jua tu na nzi. Nikamgeuza uso, akageuka tena. Nikakaa mimi pale pale palipokuwa tupu, nikaujaza mkeka kwa mwili wangu, na sikuondoka hapo.

Mama mkwe alikuja kila siku. Hakuwa akiongea na mimi. Alikaa nje chini ya dirisha la wodi, nikamsikia akizungumza na mjukuu wake aliyekwenda kwa babu, hadithi, utani, habari za kuku. Alikuwa anamshughulisha. Kama mtu anavyomshughulisha mgeni sebuleni asiingie ndani. Nesi walitaka kumwondoa. Nesi mkuu akasema, "Mwacheni, na yeye yuko zamu."

Binti yangu akaanza kulia tena. Kisha akaanza kugombea kijiko. Kisha akanikojolea na kunipiga, nikajua amerudi.

Karatasi ya tatu ilipokuja, bwana wa kadi hakuibandika kwanza. Aliileta wodini imekunjwa, akaikunjua kitandani. Mama mkwe akamwona kupitia dirishani, akazunguka, akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mlango ule.

"Huyu hapa," bwana wa kadi akasema. Nyota za binti yangu zilishuka, zikafika chini, zikageuka. Zilikuwa zinapanda. Pembeni yake kulikuwa na mstari mfupi uliosimama. Na mahali pale mstari mfupi uliposimama, nyota za dada yake zilikuwa zimefika, zikapita. Alikuwa na uzito ambao kaka yake hakuwahi kuufikia.

Mama mkwe akauliza, na aliniuliza mimi, "Yeye yuko wapi?"

"Amebaki hapa."

"Hapandi tena?"

"Hapandi, mama."

"Na huyu amempita."

"Amempita."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamwangalia mtoto, akamwangalia miguu, akamfinya shavu. "Ulimwambia siku ile," akasema. "Amesikia. Sauti yako anaisikia. Na hajaja." Akamwachia shavu. "Basi amekubali. Amekubali kukaa peke yake, mtoto yule. Mtoto mdogo vile."

Akapiga yowe. Lilikuwa yowe la msiba lenyewe, lile linaloanzia tumboni, linalowatoa watu mashambani. Akajifunga kanga kiunoni, akashika kichwa, akamlilia mjukuu wake kwa sauti, akamwita kwa jina lake ambalo hatukuwa tumelitamka tangu wanaume warudi na majembe. Na mimi nikashindwa kukaa. Nikaanguka karibu naye, nikalia naye. Bwana wa kadi akasimama kona, akavua miwani.

Nesi walikuja mbio kutoka kila upande, maana kilio kile wodini kina maana moja, mtoto amekufa. Nesi mkuu ndiye aliyefika wa kwanza. Akasimama mlangoni. Akatuona sisi sakafuni. Akamwona binti yangu kitandani, amekaa wima juu ya karatasi, kijiko mdomoni, anatushangaa. Akawageukia wenzake waliokuwa wanasukumana nyuma yake.

"Kweli kuna msiba," akawaambia. "Rudini kazini." Akauvuta mlango, akaufunga kwa nje.